Tuache Kusema "Ni Uzee Tu"



Katika kurasa za afya tumezoea kusoma habari za watoto wachanga, akina mama wajawazito, malaria na lishe bora. Leo tunaomba tuzungumze juu ya wagonjwa ambao hukaa kimya kwenye benchi, na ambao mara nyingi huonwa mwisho kwa sababu hawalalamiki. Nao ni wazee wetu. Tena tutazungumza juu ya kitu kimoja tu katika miili yao, kitu ambacho kila mtu hukiona lakini wachache hukiangalia. Kitu hicho ni ngozi.

Tuanze na habari ya bibi mmoja wa hapa Pugu. Jina lake hatutalitaja. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza karanga na mihogo ya kuchemsha kando ya njia, upande wa Kajiungeni. Fedha aliyoipata ilikuwa ndogo, lakini ilimtosha kununua sukari, sabuni, na madaftari ya mjukuu anayeishi naye. Siku moja ngozi ya mikono yake ilianza kukauka na kupasuka. Baadaye ikaja kuwasha, hasa usiku. Akajikuna mpaka akajichubua, mikono ikajaa madoa na magamba.

Aliwaambia watoto wake. Walimjibu kwa upole kabisa, "Mama, hiyo ni uzee tu." Naye akakubali, maana ni kweli kwamba amezeeka.

Lakini mambo hayakuishia kwenye ngozi. Wateja walianza kuitazama mikono iliyokuwa ikiwapimia karanga, wakasema watarudi, wasirudi. Nyumbani akatengewa sahani yake na kikombe chake. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mama aliyekaa kando yake aliwapa mkono watu wote wa benchi lile, yeye akampungia. Bibi akaanza kukaa benchi la nyuma, na mwishowe akaacha kuja.

Ilipita miezi minane ndipo alipoletwa hospitalini. Hakuletwa kwa ajili ya kuwashwa. Aliletwa kwa ajili ya kidonda cha mguuni alichojikuna mpaka kikaingia usaha. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Lakini msinishike, mtachafuka."

Ndugu wasomaji, alikuwa na upele. Ni ugonjwa unaoletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, na aliupata juu ya ngozi iliyokwisha kuwa kavu kwa umri. Tuliwapa dawa ya kupaka yeye na watu wote sita wa nyumba ile, wakajipaka siku moja. Nguo na matandiko yakafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ulipotimia mwezi, bibi alikuwa akilala usingizi usiku kucha.

Ngozi ilipona, ila wateja hawakurudi. Mahali pake pa kuuzia palikwisha kaliwa na mtu mwingine, na mtaji ulikuwa umeliwa na miezi minane ya kukaa bure.

Kwa hiyo maoni yetu katika ukurasa huu ni haya: maneno "ni uzee tu" si jina la ugonjwa. Ni maneno tunayotumia kufunga mazungumzo. Na kila tunapofunga mazungumzo hayo mapema, mzee hupoteza usingizi, hupoteza riziki, na hupoteza nafasi yake kati ya watu, kwa jambo ambalo aghalabu lingetibika kwa gharama ndogo.

NGOZI INAPOZEEKA

Yafaa kwanza tujue lililo la uzee na lisilo la uzee.

Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Kwa mtu mzima ikitandazwa hufikia karibu mita 2 za mraba. Kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie, kupoza mwili wakati wa joto, na kutupa habari za moto, baridi na maumivu. Ngozi hujijenga upya kila siku, ya juu ikipukutika na ya chini ikipanda kushika nafasi yake. Katika ujana safari hiyo huchukua karibu wiki 4. Uzeeni huchukua siku nyingi zaidi, na ndiyo sababu kidonda cha babu hukawia kupona kuliko cha mjukuu.

Mambo mengine nayo hubadilika. Ngozi huwa nyembamba. Nyuzi zinazoishika ikae imara hupungua, basi hulegea na kukunjamana. Vifuko vya mafuta hutoa mafuta machache, basi ngozi hukauka na kuwasha. Vishipa vya damu hupasuka kwa kugongwa kidogo tu, na mzee huonekana na alama za damu iliyovilia mikononi ingawa hakuna aliyempiga. Vinyama vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni mwa wazee wetu wengi navyo havina madhara.

Hayo ni ya uzee, wala hayahitaji kuonewa haya. Lakini kuwashwa kunakomkosesha mtu usingizi, vidonda visivyofunga, malengelenge, magamba yanayoenea na mahali paliponyauka hisia, hayo si ya uzee. Hayo ni maradhi ya ngozi, au ni dalili ya ugonjwa ulio ndani. Kisukari, figo na ini vinapoharibika vinaweza kujitangaza kwa kuwasha mwili mzima. Anayeambiwa "ni uzee tu" anaweza kuwa na kisukari ambacho hakijapimwa.

MIKONO NDIYO SHAMBA LAKE

Wapo watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwamba ngozi si moyo wala mapafu, na kwamba mtu hafi kwa kuwashwa. Tunaomba wafikiri mzee wa Pugu anaishi kwa nini.

Aliyeajiriwa akastaafu ana pensheni yake, hata kama ni ndogo. Wenzetu wa Zanzibar, tangu Aprili 2016, waliamua kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa, wakianza na Sh 20,000 kwa mwezi. Huku Bara mkulima, mchuuzi na kibarua hana pensheni ya namna hiyo. Kaya maskini zilizoandikishwa zimesaidiwa na TASAF. Wengine waliobaki wanategemea watoto wao na mikono yao wenyewe. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sisi twaongeza kwamba mkono uliopasuka haununuliwi karanga.

Mzee anayeuza mboga, vitumbua, maji ya matunda au samaki wa kukaanga anauza kwa mikono yake. Mteja huitazama mikono hiyo kabla hajatazama bidhaa. Mama mzee anayefua nguo za watu, vidole vikipasuka hawezi kushika sabuni. Mzee anayelima bustani ya mchicha, nyayo zikipasuka hawezi kuingia kwenye tope. Usiku hajalala kwa kujikuna, mchana anasinzia kwenye genge. Biashara ya namna hiyo haihitaji msiba mkubwa ili ife. Wiki tatu za kukaa nyumbani zatosha.

"MZEE, HUNA VIDOLE"

Kuna hasara nyingine ambayo zamani haikuwapo. Mwezi Mei 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na mwenye laini alitakiwa kuwa na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Tarehe 20 Januari 2020 muda uliowekwa ulikwisha, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Nia ilikuwa njema, kwa maana utapeli wa simu umewaliza wengi, wazee wakiwa wa kwanza.

Lakini tufikiri jinsi vidole vilivyo. Ncha ya kidole ina mistari midogo iliyoinuka, kama matuta ya viazi, na mashine husoma matuta hayo. Mtu aliyeshika mpini wa jembe kwa miaka 50, aliyetwanga, aliyefua, aliyegonga kokoto, aliyekanda saruji, matuta yake yamesagika. Juu ya hayo uzee huyafanya yawe mafupi, na ukavu huyatia nyufa. Mashine ikiwekewa kidole hicho huona uwanja mtupu.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya ujenzi maisha yake yote alitusimulia jinsi alivyojaribishwa vidole vyote kumi kwenye kibanda cha kusajili laini. Mwishowe kijana akamwambia, "Mzee, huna vidole." Alituambia kwamba njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akivitazama. Laini yake ikasajiliwa kwa jina la mpwa wake. Tangu siku ile fedha anayotumiwa na binti yake huingia kwenye simu yenye jina la mtu mwingine. Siku nyingine humfikia yote. Siku nyingine humfikia nusu, na hana pa kulalamika, kwa kuwa laini si yake.

Je, huo nao ni uzee tu? La hasha. Maoni yetu ni kwamba kidole kisiposomeka, mwenye kosa si mzee. Kila ofisi na kila kibanda kinachotumia mashine hiyo, kiwe cha serikali, cha benki au cha simu, kinapaswa kuwa na njia ya pili iliyo wazi kwa watu ambao vidole vyao vimechakaa. Njia hiyo iandikwe ukutani, mzee asiachwe aiombe kama sadaka. Mikono ile imechakaa kwa kujenga nyumba tunazolala.

Wakati tunasubiri hilo, lipo la kufanya nyumbani. Ngozi iliyolainishwa husomeka vizuri kuliko iliyokauka. Kwa wiki mbili tatu kabla ya kwenda, mzee apakwe mafuta mikononi asubuhi na jioni. Siku yenyewe anawe kwa maji ya uvuguvugu na kujifuta vizuri, asiende na mafuta juu ya vidole. Yajaribiwe na vidole vingine, si gumba peke yake. Na mtoto wake aende naye. Mzee akiwa peke yake huambiwa arudi kesho. Akiwa na mwanawe, hushughulikiwa leo.

MANENO YA WATU

Sasa tuguse jambo zito zaidi, yaani yale ambayo watu huyasoma kwenye ngozi na uso wa mzee.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza zikiwamo, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa kuwa wachawi. Uso uliokunjamana na macho mekundu vilihesabiwa kuwa ushahidi. Kila muuguzi anajua ukweli wa macho yale. Ni macho ya mwanamke aliyepuliza moto jikoni tangu utotoni, kwenye nyumba isiyo na tundu la kutolea moshi, akipikia kuni mbichi, na mahali pasipo na kuni, akipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Aliwapikia watu wa nyumba yake mpaka macho yakawa mekundu, kisha macho yaleyale yakawa hatia yake.

Hapa Pugu hatuuani kwa sababu ya macho mekundu. Lakini tunanong'ona. Mtoto akiugua ghafula, tunakumbuka kwamba alipita kwa bibi fulani. Tunamwita mtoto arudi ndani. Bibi anaona, anaelewa, naye anafunga mlango wake. Kunong'ona nako kuna gharama, kwani aliyejifungia ndani hauzi kitu, haendi zahanati, na hana wa kumchungulia anapoanguka.

Uvumi mwingine ni wa mkanda wa jeshi. Wengi mnaujua: malengelenge yanayotokea upande mmoja wa kifua, mgongo au uso, yenye maumivu makali kama ya moto. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu wameuhesabu mkanda wa jeshi kuwa ni hukumu. Basi mzee wa miaka 70 akiupata hujificha. Ni kweli kwamba mwenye VVU huupata kwa urahisi, na kupima ni jambo jema kwa kila mtu, hata mzee. Lakini chanzo chake ni kirusi cha tetekuwanga, ile tuliyougua tungali watoto. Kirusi hicho hakitoki mwilini. Hulala kwenye mishipa ya fahamu, na kinga ya mwili inapopungua huamka. Umri mkubwa peke yake watosha kukiamsha. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Mzee anayejificha wiki mbili kwa kuogopa maneno anaweza kubaki na maumivu kwa miezi mingi baada ya ngozi kupona.

Uvumi wa tatu ni wa ukoma. Bibi wetu wa karanga alikiri kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Ukoma bado upo nchini mwetu, lakini dalili yake kubwa ni doa lililofifia ambalo halina hisia ya kuguswa, wala si kuwashwa. Dawa zake hutolewa bure, na mgonjwa akisha anza kuzitumia, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Kwa hiyo hata kama ungekuwa ukoma, hakuna sababu ya kumtengea mtu sahani. Kuna sababu ya kumpeleka hospitali.

LAWAMA YETU

Hatutakuwa wakweli tukiwalaumu ninyi peke yenu. Sisi wauguzi tuna fungu letu. Mara ngapi tumemwona mzee anajikuna kwenye foleni ndefu, tukamwandikia dawa ya maumivu ya magoti aliyoifuata, tusimwambie avue shati tumtazame mgongo? Mara ngapi tumesema wenyewe, "Babu, hiyo ni umri"? Tumesema. Twajua pia kwamba wazee wengi huona haya kuvua nguo mbele ya muuguzi mwenye umri wa mjukuu wao. Hiyo si sababu ya kutowapima. Ni sababu ya kuvuta pazia, kuamkia kwa adabu, na kumwita muuguzi mwanamke kwa bibi na mwanamume kwa babu. Msiogope kutuomba hayo.

Wataalamu wa ngozi nchini ni wachache, lakini hatuko mikono mitupu. Mwaka 1992 huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kilifunguliwa kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wahitimu wake wanafanya kazi hapa nchini na nchi jirani. Ulizeni hospitali ya wilaya au ya mkoa ni siku gani kliniki ya ngozi inafanyika. Na kumbukeni kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Nendeni serikali ya mtaa mkaulize utaratibu uliopo kabla mzee hajaugua, siyo siku ya kukimbizana.

LA KUFANYA NYUMBANI

Tunasikia sana maneno haya: "Hatuna uwezo." Twajua maisha yalivyo. Lakini mengi tutakayosema hapa hayahitaji fedha mpya.

Kwanza, kuoga. Mzee aoge mara moja kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Sabuni kali ya kufulia nguo isitumike mwilini, kwani humaliza mafuta machache yaliyobaki. Sabuni laini itumike kwapani, sehemu za siri na miguuni. Kwingine maji yatosha. Asisuguliwe kwa nguvu wala asitiwe dawa za kuua vijidudu kwenye maji kila siku.

Pili, mafuta. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ipakwe mafuta ya nazi au mafuta ya mgando. Yale anayopakwa mtoto mchanga yanamfaa na bibi. Nyayo zikipakwa, avae soksi au viatu, asije akateleza akavunjika nyonga.

Tatu, kucha zikatwe fupi, na nguo za ndani ziwe za pamba. Mzee anywe maji ya kutosha hata kama hasikii kiu, isipokuwa daktari amemwekea kipimo.

Nne, msimpake kila krimu iliyosifiwa dukani. Krimu nyingi za kuondoa muwasho zina dawa ambazo zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Na hapa tuwaambie mabinti zetu wanaotumia mkorogo kujichubua: zebaki na hidrokwinoni zilizomo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini kwa sababu zinadhuru. Tumewahi kushona vidonda kwenye ngozi za namna hiyo, nyuzi hazishiki. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ngozi utakayoizeekea ndiyo hiyo unayoichubua leo.

Tano, mzee asiyeweza kuinuka ageuzwe kila baada ya saa mbili, maana vidonda vya kulala huanza kwa wekundu au weusi mdogo na kuishia kwenye mfupa. Mto uwekwe chini ya mapaja na ndama za miguu ili visigino visiguse godoro. Msimkalishe juu ya pete ya nguo, kwani hubana damu. Msisugue mahali palipobadilika rangi, wala msitie majivu au spiriti kwenye kidonda.

Kazi hiyo ya kugeuza, aghalabu hufanywa na nani? Na binti mmoja au mkwe mmoja, ambaye ameacha genge lake au cherehani yake ili amtunze mzee, huku ndugu zake wanapiga simu kuuliza hali. Hiyo nayo ni hasara ya fedha, ingawa hakuna anayeihesabu. Kaka mtu aliye mbali atume fedha ya mafuta na sabuni kila mwezi bila kukumbushwa. Aliye karibu amgeuze baba yake usiku mmoja ili dada yake alale. Jumuiya ndogondogo nazo zipange zamu ya alasiri moja kwa wiki. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sita, mleteni hospitali mapema mkiona kuwashwa kunakozidi wiki mbili au kunakowapata watu zaidi ya mmoja nyumbani. Kidonda kisichopona kwa mwezi, hasa kwa mwenye kisukari au mwenye ualbino. Doa jeusi linalokua au kubadilika, hasa chini ya unyayo. Malengelenge ya upande mmoja. Mguu uliovimba, wenye joto na maumivu. Au mahali palipokufa hisia. Mambo hayo yasingoje mavuno wala sikukuu.

TUMALIZIE

Turudi kwa bibi wa karanga. Hajapata tena mahali pake pa zamani. Lakini Jumapili moja baada ya Misa alikuja na beseni dogo. Wanawake wawili wa jumuiya yake walinunua karanga kwake, wakampa mkono, wakazila palepale mbele ya watu. Siku ile aliuza beseni zima. Sisi tulimpa dawa ya upele, lakini hatukuwa na dawa kama hiyo.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, jioni ya leo ukifika nyumbani, ukishamwamkia mama au baba, usiishie hapo. Mwombe akuonyeshe mikono yake, kisha miguu yake, kisha mgongo wake. Muulize kama analala usiku. Akikujibu mwenyewe, "Ah, mwanangu, ni uzee tu," usimkubalie. Chukua mafuta, kaa naye mkekani, umpake. Na asubuhi, kama pana jambo, mleteni tumwone.